Chupa ya barafu ndani ya duka la vitabu: USIJARIBU

Mkuu simama hapo hapo. Hiyo chupa ya maji unayosema utaigandisha kwenye friza halafu uende nayo duka la vitabu ushinde huko unasoma mpaka jua lipoe, itoe kwenye begi sasa hivi. Mengine uliyouliza, uende muda gani, wahudumu watakutimua au la, tutayafikia, ila hili la chupa kwanza maana lilinitoa hela ya matumizi ya wiki mbili na mpaka leo nikilikumbuka nasikia joto usoni kuliko hilo jua unalolikimbia.

Mimi nilikuwa kama wewe. Chumbani hapakaliki, feni inanirudishia joto lile lile. Nina rafiki mmoja, wale wa kujua kila kitu, ndiye aliyenipa hii mbinu: gandisha chupa usiku kucha, tafuta kona watu hawapiti, kaa chini, chupa iwe karibu, utakunywa baridi mpaka jioni. Nikamuuliza ikivuja je? Akasema "we kaza kifuniko tu." Kaza kifuniko! Na mimi mtu mzima na akili zangu nikaitikia.

Nikaingia dukani, kiyoyozi kikanipokea, nikachukua riwaya ya upelelezi nikaenda kujibanza kule nyuma kwenye vitabu vikubwa vya picha. Shelfu ya chini ilikuwa na rundo la vitabu vimelazwa, nikaona pamekaa kama meza vile, nikasimamisha chupa yangu juu. Kifuniko nilikikaza mpaka kiganja kikauma. Halafu nikazama. Masaa mawili hivi. Muuaji nilishamjua tangu ukurasa wa 60 ila nikaendelea, ubishi tu.

Kugeuka nichukue maji, nakuta chupa imesimama kwenye kidimbwi. Kava la kitabu cha ndege lote limelowa, maji yameshuka ukingoni yakaingia kwenye kurasa, yakapita mpaka kitabu cha chini yake na cha chini yake tena. Nikaipindua chupa kichwa chini, hata tone. Dada wa dukani kafika, mimi nimeinua chupa juu chini naapa haijavuja kama shahidi mahakamani. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa kaka, haya maji yametoka wapi?"

Yametoka hewani ndugu zangu. Tulifundishwa shuleni, sikuwahi kulitumia hata siku moja mpaka lilipokuja kunidai. Hewa ina mvuke, ukigusa kitu cha baridi unageuka matone, na chupa ya barafu inaendelea kutokwa jasho hivyo hivyo mpaka barafu iyeyuke na maji yapate joto. Kwahiyo kifuniko ukikaze usikikaze, maji hayatoki ndani! Na usiniambie kiyoyozi kinakausha hewa, kinapunguza ndio, ila kwa barafu unyevu uliobaki unatosha sana, na kila mlango ukifunguliwa unaingia mwingine.

Karatasi ya kawaida ya riwaya ikilowa inavimba, ikikauka inabaki na mawimbi, inaudhi lakini inasomeka. Zile za kung'aa za vitabu vya picha ndio balaa. Zimepakwa tabaka la udongo mweupe laini pamoja na gundi ili picha zitoke vizuri, sasa likilowa linalainika, na kurasa zikikauka zimebanana zinashikana moja kwa moja. Ukivuta, picha inachanika. Mimi nina tai ambaye kichwa kiko ukurasa wake na mabawa yamehamia kwa bundi.

Nikajaribu ujanja, si mtavirudisha kwa mchapishaji? Akanielewesha kwamba vingine wamechukua kwa mali kauli, kisipouzika kinaweza kurudi ila kirudi kizima, kilicholowa ni hasara ya duka. Nikalipa vitatu. Bei kamili.

Nyumbani nikaenda kuharibu zaidi, nikavipuliza na drayer ya nywele. Zikagandana mpaka zile zilizokuwa na matumaini. Baadaye mtu wa maktaba ananiambia kitabu kilicholowa kama huwezi kukishughulikia siku ile ile kifunge kwenye nailoni kiingie friza, ukungu usianze, maana ndani ya siku mbili unaweza kuwa umeshaota, na hizi za kung'aa usiziache hata kidogo zikauke zimebanana. Friza! Yaani pale ilitakiwa kiingie kitabu, mimi nikaingiza chupa.

Nampigia yule mshauri wangu, anasema pole, ila si ungeweka kitambaa chini. KITAMBAA. Alikuwa nacho siku zote hicho kitambaa mdomoni, akakitoa nimeshalipa.

Kwahiyo sikiliza, chochote chenye maji kinaishia kaunta. Waachie, ukisikia kiu nenda kanywe pale, hatua 20 hazijaua mtu. Kwenye begi pia hapana, begi likilowa chini ukaliegemeza kwenye shelfu ni yale yale. Najua atakuja mtu hapa na chupa yake ya kuta mbili isiyotoka jasho, sawa, kwa nje haitoki, sasa umefungua unakunywa mtu akupige kumbo, itakuwaje? Kaunta. Hata wewe mwenyewe ukitoka juani tulia dakika kadhaa mikono ikauke kwanza, kidole cha jasho kwenye kava jeusi kinaonekana kama muhuri.

Muda, nenda asubuhi siku za katikati ya wiki, watu wachache. Kuhusu kutimuliwa, nunua hata kimoja mara moja moja, mimi nilishawanunulia vitatu kwa mkupuo na sasa hivi tuko vizuri tu. Ila yule dada akiniona mlangoni ananyoosha mkono apokee chupa kwanza, salamu baadaye.