Mwanangu, rotari yangu ibaki ukutani kwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako tumezipata. Mama yako hajambo, mgongo umetulia, na anakuagiza usiwe unashinda na chai tu. Mimi pia mzima. Barua hii ni ya lile swali lako. Nimekaa nalo siku tatu kwa sababu uliuliza mawili kwa mkupuo: mashine gani ya kupigia polishi ununue kwa kuanzia kazi ya kung'arisha magari, na kama naweza kukuachia ile rotari yangu inayoning'inia stoo ili usinunue kabisa.

La pili nalijibu kwanza. Hapana. Si uchoyo, maana mashine ile ni nzima na mimi siitumii tena. Nakunyima kwa sababu ya jambo nililolifanya nikiwa na umri kama wako, ambalo sijawahi kukusimulia.

Gari lilikuwa jeusi, la mteja wa tajiri wangu wa wakati huo. Nilikuwa nimeshamaliza paa na milango, na mkono umeanza kuota kiburi. Nikafika kwenye ukingo wa boneti, pale bati linapokunjika kuelekea taa. Nikainamisha mashine kidogo, nikakaa pale pumzi mbili, labda tatu. Harufu ndiyo iliyotangulia, kama plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko. Nilipofuta nikaona mstari wa kijivu, mwembamba kama uzi, urefu wa kidole. Nikadhani kompaundi, ile dawa ya kusagia, imekauka. Nikafuta tena, nikafuta kwa kucha. Haukutoka, kwa sababu ulikuwa praima, ile rangi ya msingi inayokaa chini ya zote. Klia ilikwisha, rangi ilikwisha, nimeshafika chini. Boneti nzima ikapakwa upya, na gharama ikatoka kwenye mshahara wangu kidogo kidogo mpaka nikasahau sura ya mshahara kamili.

Sasa uone kwa nini ilikuwa rahisi hivyo. Juu ya rangi ya magari mengi ya leo kuna klia, ile koti isiyo na rangi inayotoa mng'ao na kuikinga rangi na jua. Ikitoka kiwandani, klia hiyo huwa na unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa kichwani hufika kama 70. Na kila unapopiga polishi unaipunguza. Wateja wengi wanaamini tunapaka kitu kinachoziba mikwaruzo, wakati kazi yenyewe ni kuisaga klia mpaka usawa wake ushuke kufikia chini ya mkwaruzo. Ukishaitoa hairudi, ila kwa fundi wa kupaka rangi. Kwenye kingo na mikunjo ndiko ilikoanza nyembamba, kwa kuwa rangi mbichi hukimbia kona, na ndiko pedi, ile duara laini ya mashine inayosugua rangi, inakoegemea kwa nguvu zote kwenye eneo dogo. Mambo hayo mawili yalikutana kwenye boneti yangu.

Rotari huzunguka kwenye mhimili mmoja tu, kati ya mizunguko 600 na 3000 hivi kwa dakika. Nguvu ya mota inakwenda moja kwa moja kwenye pedi. Ukikandamiza, haisimami, inazidi kuchoma. Mikononi mwa fundi inakata haraka kuliko chochote, nami nimekula nayo miaka mingi, siitukani. Lakini hata usipochoma, ukiishika vibaya inaacha mawimbi ambayo ndani ya karakana huyaoni. Gari likitoka juani, mlango mzima unameremeta mistari kama mafuta juu ya maji, na mteja yuko hapo hapo kando yako.

Kwa hiyo la kwanza, jibu langu ni hili: nunua mashine ya miendo miwili, zile ambazo kwenye boksi huandikwa DA, yenye mpishano wa milimita 15, sahani (kile kitako kinachoshika pedi) ya inchi 5, na ya waya. Ukikosa muda wa kusoma yaliyobaki, shika hilo.

Miendo miwili maana yake pedi inazunguka, na papo hapo mhimili wake wenyewe unayumba kwenye duara dogo, kwa hiyo hakuna nukta ya pedi inayorudia njia ile ile. Nyingi kati yake mzunguko wake ni huru, hausukumwi na gia. Ukikandamiza mno, au ukiinamisha pedi kwenye ukingo, inaacha kuzunguka na kubaki inatetemeka tu. Joto linashuka na ukataji unakufa. Mafundi wazoefu huliona hilo kama udhaifu. Kwako wewe unayeanza ni kama breki inayojifunga yenyewe. Kosa langu la boneti, ukilifanya na mashine hii, aghalabu utapoteza dakika tano tu, ingawa sikuahidi kwamba haiwezi kuchoma kabisa. Ukiing'ang'aniza mahali pamoja, juu ya bampa la plastiki lisilopoteza joto, utaona.

Mpishano ni ukubwa wa lile duara la kuyumba. Zipo za milimita 8, 15 na 21. Ya 8 ni tulivu na inaingia sehemu nyembamba, ila kwenye gari zima utazeekea hapo. Ya 21 inakimbia vizuri juu ya paa na boneti pana, halafu ikifika kwenye fenda iliyobinuka inakwama kila mara, na wewe unaanza kuilazimisha. Ya 15 imekaa katikati, na kwa mtu mwenye mashine moja tu ndiyo itakayogusa sehemu kubwa ya gari bila kugombana nawe. Rupes wa Italia wanazo zote mbili za mpishano mrefu, ya 15 na ya 21, na watengenezaji wengi wameiga umbo hilo. Si lazima ununue jina kubwa kwa kuanzia. Tafuta inayopatikana sahani na brashi za kaboni za mota za kubadilisha, kwa sababu mashine isiyo na vipuri ni pambo.

Kuna jamii ya tatu, ya miendo miwili inayosukumwa na gia, kama Flex XC 3401 ya Wajerumani yenye milimita 8. Hiyo haikwami hata ukikandamiza, ndiyo maana wanaipenda walioshiba kazi. Inavuta mkono, inatingisha, na msamaha wake ni mdogo. Iweke kwenye mawazo ya mwaka wa pili.

Usidanganywe na namba za kwenye boksi. Utaona mashine ya miendo miwili imeandikwa 6000 au zaidi na rotari imeandikwa 3000, ukadhani ya kwanza ndiyo kali. Ile 6000 ni hesabu ya kuyumba, si ya kuzunguka. Kuzunguka kwenyewe ni polepole kiasi kwamba unaweza kukutazama kwa macho, na hapo ndipo nakupa siri ambayo mimi niliipata kwa kuchelewa. Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari mmoja mnene pembeni mwa sahani, juu, mahali unapouona ukiwa kazini. Washa mashine juu ya bati. Mstari ukiwa unapita, unapita, unapita, pedi inafanya kazi. Ukiuona umesimama na kutetemeka, umekandamiza mno au umeinamisha. Legeza mkono mpaka uanze kupita tena. Mstari huo utakufundisha kuliko barua hii, na ni wa bure.

Kuhusu betri. Najua unazipenda, na kweli ni raha kufanya kazi bila waya kukuburuza. Ila betri huongeza uzito kwenye mashine ambayo utaishika saa nyingi, na moja haitoshi gari zima, utahitaji mbili tatu na chaja inayokimbia. Chukua ya waya, uupitishe waya begani usiguse rangi, na kama unatumia waya wa kuongezea, uwe mnene. Waya mwembamba hupata moto na mota inadhoofika.

Dukani usiridhike kuitazama. Ishike kama utakavyoishika kazini, mkono mmoja juu ya kichwa chake, na uiinue usawa wa kifua kama vile unapolishi mlango. Ikae hapo dakika moja. Kama bega limeshalalamika, fikiria magari mawili kwa siku. Washa swichi usikilize: spidi ianze taratibu, isiruke kama mbuzi aliyekatika kamba. Na usije ukashawishiwa kufunga sahani ndogo kwenye mashine kubwa ili upate mbili kwa moja. Uzito wa ndani unaosawazisha mtetemo umepimwa kwa sahani yake. Ukibadilisha ukubwa ovyo, jioni vidole vina ganzi.

Halafu hela. Usimalizie zote kwenye mashine. Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea, wananunua mashine ya kujivunia na pedi mbili. Gari moja linataka pedi tano au sita, kwa sababu pedi inajaa vumbi la klia na kompaundi, inapata joto, sponji yake inalegea na gundi inaachia katikati. Anza na za sponji: chache za kukata, nyingi za kati, na mbili laini za kumalizia. Za maikrofaiba na za sufu zinakata sana, ziache kwanza. Nunua na brashi ya kusafishia pedi, na uisugue pedi kila unapomaliza kipande, siyo kila unapomaliza gari. Kompaundi moja na polishi moja ya kumalizia zinatosha. Ongeza taa nzuri ya kumulika mikwaruzo, taulo za maikrofaiba zaidi ya unavyodhani, na tepu ya karatasi ya kufunika kingo na plastiki nyeusi. Tepu hiyo ingeniokolea mshahara.

Jambo moja nakukataza kabisa: usifunge pedi kwenye grainda. Nimewaona wanaofanya hivyo. Grainda ndogo ya inchi nne na nusu hukimbia kwenye mizunguko kama 11,000 kwa dakika, zaidi ya mara tatu ya rotari ikiwa imefunguliwa mwisho. Hiyo ni mashine ya chuma, iache na chuma.

Kabla ya mashine yoyote, gari lioshwe, lipitishwe udongo wa kutolea uchafu mpaka ukipapasa uhisi kioo, na likae kivulini mpaka bati lipoe. Pedi ikikokota punje moja ya mchanga, wewe ndiye unayechora. Kisha chagua kipande kidogo, kama sentimita 50 kwa 50. Anza na pedi laini na polishi laini, matone matatu au manne tu. Weka pedi juu ya bati kwanza ndipo uwashe, la sivyo utapolishi ukuta na uso wako. Tandaza kwa spidi ya chini, pandisha, pita polepole, wima halafu mlalo, kila mpito ukifunika sehemu ya uliotangulia. Futa. Kisha pitisha spiriti ya aisopropili iliyochanganywa na maji, kwa sababu mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kukudanganya kwamba umefaulu. Kama haitoshi, ndipo upande daraja moja la ukali. Ukipata mchanganyiko uliofaa kwenye kipande hicho, ndio wa gari lote.

Mkwaruzo unaokamata ukucha usiukimbize. Mwambie mteja ukweli kwamba utapungua kuonekana, hautaondoka. Na ukiona pedi imegeuka rangi ya gari, simama ufikiri: ama ni gari la zamani lisilo na klia, ama klia ilishakwisha kabla yako.

Kipimo cha unene wa rangi kitakuja baadaye, ukikaribia kuanza kupokea magari ya watu. Mpaka hapo, magari ya watu usiyaguse.

Nimekutafutia boneti ya mazoezi. Nyeusi, imebinuka mbele, ina utando wa mikwaruzo ya kuoshwa vibaya kila mahali, na kwenye kona ya kushoto mtu alishaigonga. Nimeiegemeza nyuma ya nyumba chini ya turubai. Ukija nayo hiyo mashine, tutaigawa kwa tepu sehemu sita. Tano zako na DA yako. Ya sita, ile ya ukingoni karibu na taa, nitaishusha rotari ukutani, nikuonyeshe kwa makusudi inavyochukua muda mfupi kufika kwenye praima. Njoo na nguo mbovu.

Baba yako.