Jibu: Mshindani anatishia kunishtaki kwa bango la "punguzo 40%"

Habari ndugu. Kumbe barua ya wakili ni kuhusu bango la ofa kwenye duka lako la magodoro pale Kondele. Usimjibu kwa simu. Kwanza chimbua risiti za kabla ya ofa: ile bei ya zamani uliyoikata kwa kalamu nyekundu, uliwahi kuuza kwayo kweli? Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010, kifungu cha 55, inakataza kudanganya kuhusu bei. Mimi hapa Nakuru, washindani waliponitishia hivyo, niliokolewa na kitabu cha risiti kilichojaa vumbi. Wakili wao akanyamaza. Kama bei ya zamani ni ya kubuni, shusha bango leo leo. Na yale maneno "bei nafuu kuliko wote Kisumu" yafute tu, utayathibitishaje? Bango lenyewe sijaliona, nimesoma maelezo yako tu, hebu weka picha.