Kitanzi changu hakisimami kwenye 1

Swali: Mtaalamu, naandika programu kwa Python. Naanza na x = 0, kila mzunguko naongeza 0.1, na kitanzi kiendelee mradi x != 1. Hakisimami kamwe! Nikitumia round (ya kukadiria namba), pengine inasaidia, pengine inaharibu zaidi. Kosa ni langu au la Python?

Jibu: Ndugu, Python usiilaumu, hata JavaScript ingekufanyia hivyo hivyo. Chapisha x kila mzunguko uone. Wa tatu unatoa 0.30000000000000004, wa kumi 0.9999999999999999, wa kumi na moja 1.0999999999999999. Moja kamili imerukwa, basi kitanzi kinakimbia bila breki.

Chanzo ni hiyo 0.1 yenyewe. Theluthi moja huwezi kuimaliza kwa desimali: 0.333 na kuendelea. Kompyuta inahesabu kwa 0 na 1 tu, na humo sehemu ya kumi nayo haina mwisho: 0.000110011001100… Floti (namba ya desimali ndani ya kompyuta) ya biti 64 ina nafasi ya tarakimu 53 za namna hiyo, zinazobaki haziingii, namba inasogezwa kwenye iliyo karibu zaidi. Unachoandika 0.1, kumbe kilichohifadhiwa ni kama 0.1000000000000000055. Nusu na robo hazina tatizo hili, ndiyo maana ukiongeza 0.25 kitanzi kinasimama vizuri.

Kasoro ndogo, lakini hujilimbikiza. Mwaka 1991 huko Dhahran, Saudi Arabia, saa ya mtambo wa Patriot, wa kuzuia makombora, ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde zilizokatwa kwenye biti 24. Baada ya saa 100 ilikuwa imekosea kwa sekunde 0.34 hivi, kombora la Scud likapita, wanajeshi 28 wakafa.

Kwako dawa ni rahisi: hesabu mizunguko kwa namba kamili, kisha ugawanye.

for i in range(11):
    x = i / 10

Kila x inakokotolewa upya, kwa hiyo kasoro hairithiwi. Ukilazimika kulinganisha floti mbili, achana na ==, tumia math.isclose, inayoangalia kama zinakaribiana, ila ukilinganisha na sifuri weka abs_tol (tofauti unayoiruhusu), la sivyo itakukatalia karibu kila mara.

Kuhusu round, iache hadi wakati wa kuonyesha jibu. Jaribu round(2.675, 2): utapata 2.67, kwa sababu namba iliyohifadhiwa iko chini kidogo ya 2.675. Kama ni hesabu za fedha, tumia Decimal, aina ya namba ya Python inayohesabu kwa desimali, na usisahau alama za nukuu: Decimal('0.1'). Ukiandika Decimal(0.1) umeinakili kasoro ile ile, tena kwa uaminifu mkubwa.