Maswali Yenu: Damu Ikipungua, Macho Yanaumiaje?

Dokta, tangu nizae damu yangu imeshuka hadi 5. Jicho la kushoto lina doa jeusi katikati, maandishi ya simu yanakatika. Nimenunua miwani pale Kadutu, hakuna nafuu. (Mama, Bukavu)

Mama, acha hiyo miwani kwanza. Damu ikishuka hivyo, retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inakosa oksijeni. Vimishipa vyake hutanuka, kuta zinalegea, damu inavujia humo. Ikivujia pembeni huenda usijue kitu. Ikivujia katikati, pale unaposomea, ndipo doa linatokea. Tunaliona zaidi hemoglobini (ndiyo hiyo namba yako ya damu) ikiwa chini ya 8, hasa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nazo zikipungua. Muganga wa macho atakutilia matone ya kupanua mboni, kwa hiyo nenda na mtu: ukitoka, jua litakuchoma macho kwa masaa kadhaa. Mara nyingi doa hufutika lenyewe ndani ya majuma au miezi, damu ikisharudi. Ila 5 si namba ya kulala nayo nyumbani. Nenda hospitali leo, macho yatafuata.

Tomati ya kopo na maziwa, ama sukre (soda) nyekundu, vinaongeza damu?

Rangi haitengenezi damu! Pesa ya sukre nunua sambaza, vile visamaki vya ziwani, ule na sombe (majani ya muhogo) au maharagi, ukamulie ndimu. Chai ingoje saa moja au mbili, maana inazuia chuma kuingia mwilini. Hata hivyo, kwa upungufu mkali chakula peke yake hakitoshi. Vidonge vya chuma huendelea miezi kama mitatu hata baada ya namba kupanda, na hapo ndipo wengi wanaviacha.

Kufunua kope ya chini kunatosha kupima damu?

Hapana. Weupe unatia shaka tu. Labo ndiyo inatoa namba.

Mtoto wangu wa miaka 12 ni SS, ana ugonjwa wa chembe mundu. Macho yana manjano, na mwalimu anasema haoni ubao. (Baba, Bagira)

Hayo ni mambo mawili, baba. Manjano yanatokana na chembe nyekundu zinazovunjika, hayamzuii kuona. Ubao ndio unanisumbua. Pengine anahitaji miwani tu, lakini chembe mundu huziba vimishipa vya retina bila maumivu yoyote, na wenye SC, aina nyingine ya ugonjwa huo, hupatwa zaidi kuliko SS. Kuanzia miaka 10 hivi, retina ikaguliwe kila mwaka mmoja au miwili. Akiona ghafla vitu vyeusi vinaelea kama masizi, au pazia linashuka, msingoje kuche.