Swali la Msomaji: Mizizi ya Bibi Hupimwaje Sumu?

Swali: Bibi hutuchemshia mizizi ya tumbo. Nasikia maabara hupima sumu kwa vidudu vya maji chumvi. Vikisalimika, dawa ni salama?
Msomaji, Tanga

Jibu: Mayai ya Artemia, ndivyo vidudu hivyo, jamii ya kamba wadogo, huanguliwa, kisha watoto wake hutiwa katika dondoo la mmea (kemikali zilizotolewa kwenye mmea) la viwango mbalimbali, na baada ya saa 24 waliokufa huhesabiwa ili kupata kiwango kinachoua nusu yao. Kikiwa chini ya maikrogramu 1000 kwa mililita, kwa kawaida dondoo huhesabiwa kuwa na sumu. Hata hivyo, huo ni mchujo wa awali tu, wa bei nafuu. Madhara ya ini na figo hutafutwa kwa panya wanaonyweshwa dawa kwa siku 28 au 90. Tena, maabara nyingi huloweka mizizi katika ethanoli (aina ya alkoholi), ilhali bibi yako huichemsha kwa maji, hivyo kinachotoka si lazima kiwe kilekile.