Maswali na Majibu: Gitaa la Marehemu Baba

SWALI: Ndugu Mshauri, nimerithi gitaa kavu la marehemu baba, aliyejifunza kulipiga enzi za bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz hapa Tanga. Kichwa chake kina mianya miwili mirefu, na nyuzi hufungwa kwa fundo kwenye daraja. Mdogo wangu alikosa nyuzi za nailoni akaweka za chuma. Sasa daraja linanyanyuka, ubao wa mbele una ufa, na vanishi inabanduka. Fundi samani anataka kulipiga daraja skrubu, kisha apulizie gitaa zima vanishi mpya. Nikubali? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

JIBU: Tafadhali usikubali. Kwa maelezo yako, gitaa hilo ni la nyuzi za nailoni, na daraja limenyanyuliwa na zile za chuma. Seti ya nailoni huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 40, ilhali seti nyepesi ya chuma hufikia kilo 70, mzigo ambao ubao wenye unene wa milimita 2 hadi 3 hivi haukutengenezwa kuubeba. Skrubu itautoboa ubao huo na kuurefusha ufa, wala haitapunguza mvuto.

Legeza nyuzi leo hii. Kisha chomeka karatasi chini ya ukingo wa nyuma wa daraja: ikizama kwa urahisi, daraja ling'olewe lote, kwa sababu gundi mpya haishiki vizuri juu ya gundi kuukuu. Fundi alipashe joto kwa pasi, vanishi ya pembeni ikiwa imekingwa kwa kadibodi, na apitishe kisu chembamba polepole bila kulazimisha, maana akiharakisha atang'oa na vibanzi vya ubao. Baada ya kukwangua mpaka mbao zote mbili ziwe safi, apake gundi ya mbao, abane kwa klampu ndefu kupitia tundu la sauti, na aache kwa saa 24.

Ufa usukumiwe gundi kwa kidole, kisha kwa ndani vibandikwe vipande vyembamba vya mbao nyepesi ambavyo nyuzinyuzi zake zinakatiza ufa. Tochi na kioo kidogo vitamsaidia fundi kuona anachofanya.

Kuhusu vanishi, ile nene ya samani huuongezea ubao uzito na kuuzuia kutetema, hivyo sauti hufifia. Sugua kwa msasa namba 400 zile kingo zinazobanduka tu, kisha paka shelaki (aina ya vanishi) nyembamba kwa kitambaa, tabaka baada ya tabaka. Pale ambapo mkono wa baba ulichakaza rangi, mimi ningepaacha vilevile. Kazi hii isifanywe wakati wa masika, kwani unyevu hewani huifanya shelaki iwe na ukungu mweupe.

Mwisho, funga nyuzi za nailoni peke yake, na uzikaze kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Zikikosekana Tanga, ni afadhali uziagize Dar es Salaam kuliko kurudisha chuma.