Re: Laptop imekwama asilimia 30, niizime?
Usiizime kwanza, ndugu. Umesema Windows inajisasisha tangu saa mbili na imekwama asilimia 30, nawe huko Nyakato unahofia umeme kukatika. Ile asilimia haipimi muda. Inaweza kuganda muda mrefu, halafu ikaruka ghafla. Angalia kile kitaa kidogo cha diski, yaani sehemu inayohifadhi mafaili: kikipepesa, hata kwa kusuasua, mashine inafanya kazi. Diski za kuzunguka (HDD, zenye sahani inayozunguka ndani) ndizo hasa huchelewa. Ukiizima wakati inaandika mafaili ya mfumo, inaweza isiwake tena, na picha za harusi za wateja wako zimo humo! Acha chaja kwenye umeme. Kitaa kikitulia kabisa kwa masaa mengi, hapo shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Ukiiwasha, mara nyingi Windows hujaribu yenyewe kurudi ilivyokuwa.